Siku Moja na Rangi za Maji, Kanisa la Mkunazini, Zanzibar

Saa 12:30 asubuhi. Karatasi ya pamba niliyoilowesha jana usiku na kuibandika ubaoni imekauka, imekaza kama ngoma. Chai ya tangawizi, chapati moja, naondoka. Mimi ni msanifu majengo, lakini leo ofisi itanisubiri mpaka alasiri.

Saa 1:30. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Umerudi tena na vikopo vyako?" Mlinzi ananifungulia. Madhabahu ya Kanisa la Kristo iko mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linapenya vioo vya rangi vilivyo nyuma yake. Napiga penseli haraka: mstari wa macho, tao, kingo za madirisha. Mwanga hauna subira.

Saa 3. Wageni wanaingia na waongozaji wao, na hadithi naisikia kwa lugha tatu. Hapa palikuwa soko la watumwa, likafungwa mwaka 1873. Mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Duara la marumaru nyeupe mbele ya madhabahu linaonyesha mahali ambapo, inavyosimuliwa, palikuwa na nguzo ya kuchapia watu viboko. Duara lile silipaki kitu. Katika rangi za maji nyeupe ni karatasi yenyewe, ukishaigusa hairudi, basi nazunguka pembeni kwa ncha ya brashi nikiwa nimebana pumzi.

Saa 4:30. Dari. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wa kanisa hili, hakutaka kufungwa na boriti. Akaezeka kwa tao la zege, saruji na matumbawe yaliyosagwa, kutoka ukuta hadi ukuta bila nguzo katikati. Ukipiga picha kwa simu utaona dari tu. Ukilipaka tabaka kwa tabaka, unalazimika kuuliza uzito wote ule unashukia wapi. Kivuli chake si cheusi: nachanganya bluu na rangi ya udongo wa kuchoma, napata kijivu chenye joto kidogo. Tatizo ni unyevu wa bahari, tabaka moja linakauka kwa kusuasua. Nikisubiri, nachora pembeni msalaba uliotengenezwa kwa mti wa kule Chitambo, Zambia, ulikozikwa moyo wa Livingstone.

Saa 7. Urojo. Bhajia nyingi, pilipili kiasi.

Saa 8:30 mchana. Nageukia magharibi, kwenye nguzo maarufu. Inasemekana Steere alikuwa safarini, mafundi wakazisimamisha kichwa chini, miguu juu, naye aliporudi akaziacha. Wageni hucheka. Mimi naona zimebeba mzigo wake vizuri tu, na kuzichora ni kazi: mkono uliozoea kuchora nguzo unataka kuzinyoosha wenyewe.

Saa 11 jioni. Ofisini, kati ya ramani mbili za nyumba, ujumbe wa mteja anayetaka mchoro huo kwa ajili ya sebule yake: "Dada, hizo nguzo za nyuma unaweza kuzigeuza zikae sawa?" Nimemjibu zitabaki zilivyo. Akitaka za kugeuzwa, vijana wa kuhariri picha wamejaa Darajani, na bei zao ni nafuu kuliko yangu.