Jason alivyokutana na Michael kule Hombolo, kwa bei ya mbuzi mmoja

Nilipotaka kupiga filamu ya kutisha kwa simu, jamaa mmoja anayepiga video za harusi Dar aliniambia nisipokodi taa na "kamera ya maana" nisijisumbue, nitachekesha badala ya kutisha. Nilichekesha kweli, ila kamera haikuhusika hata kidogo.

Hizi filamu za wauaji nilizianzia kwenye kibanda umiza cha Chang'ombe hapa Dodoma, zile zilizotafsiriwa. Jason Voorhees, muuaji wa Friday the 13th, kiasili hasemi neno. Michael Myers, muuaji wa Halloween, naye kimya. Lakini mtafsiri lazima atafute ridhiki yake, kwa hiyo Jason wa kibandani kwetu alikuwa anaongea kuliko mbunge. Nilikuja kujua ukweli nikiwa mtu mzima, na nikiri kwamba nilihuzunika kidogo.

Ndoto yangu ilikuwa kuwaona hao wawili wakipigana. Freddy, yule muuaji wa A Nightmare on Elm Street, na Jason walishakutana kwenye filamu mwaka 2003, kwa kuwa haki za Jason zilikuwa zimehamia kwa kampuni ya New Line, na Freddy alikuwa wao tangu mwanzo. Michael ana wenyewe wengine, na hawajawahi kukubaliana. Anayetaka kuliona pambano hilo alipige mwenyewe, kwa simu yake, na asithubutu kuliuza maana hao si mali yake. Yetu tuliionesha bure.

Kila niliyemwambia alisema, "Weka Freddy, Freddy ndiye mkali." Sawa, ni mkali. Lakini Freddy anaongea, na uso wake umeungua wote. Nani atakaa saa tatu kumpaka uso, kwenye joto la Dodoma, halafu upepo ulete vumbi? Jason na Michael wamevaa maski na hawasemi. Kwa hiyo yeyote anaweza kuwa ndani. Siku mdogo wangu ana mtihani, shemeji ndiye Jason. Shemeji akipata abiria wa bodaboda, Jason ni mimi. Tumekuwa Jason watatu na Michael wawili, na hakuna mtazamaji aliyeshtuka, isipokuwa mtoto mmoja wa darasa la nne aliyeuliza kwa nini Jason anahamisha panga mkono wa kulia na wa kushoto. Shemeji ni mashoto. Nilimwambia amechoka mkono.

Maski ya Jason niliitoa kwenye dumu jeupe la mafuta ya kula: nikakata ubavu, nikaupasha juu ya jiko la mkaa, nikaukandamiza kwenye kibuyu cha mama hadi ukashika umbo. Dumu la kwanza liliyeyuka lote na kibuyu kinanuka plastiki hadi leo, msimwambie. Matundu nilitoboa kwa msumari wa moto, alama nyekundu ni rangi ya kucha ya dada. Wajuaji walinikumbusha kwamba maski ile Jason aliipata filamu ya tatu, mwaka 1982. Najua. Wetu kaanza nayo.

Ya Michael ndiyo raha. Mnajua ile ya Halloween ya kwanza, 1978, ilikuwa maski ya dukani ya Kapteni Kirk wa Star Trek, haikufika dola mbili, wakaipulizia rangi nyeupe na kupanua macho? Nikasema kama wao walifanya hivyo, mimi nina mitumba. Nilizunguka Sabasaba siku mbili, siku ya tatu kwenye rundo la nguo za watoto nikavuta kitu cha mpira chenye ndevu: Baba Krismasi. Muuzaji akataka elfu kumi. Nikamwuliza, "Bosi, mwezi wa saba huu Baba Krismasi unamwuzia nani?" Akanipa kwa elfu tatu na soksi juu.

Nikanyoa ndevu kwa wembe, nikapaka chokaa. Kosa. Mpira ukikunjwa chokaa inabanduka, na mashavu mekundu ya Baba Krismasi yakachungulia, Michael akawa kama katoka kunywa wanzuki. Kilichokubali ni ile dawa nyeupe ya raba za shule. Mikono mitatu, kila mkono ukauke vizuri. Mkaribie uone: usoni hana chochote, lakini kwenye kona za mdomo bado anatabasamu kidogo. Hilo tabasamu sikulipanga, na ndilo linalotisha kuliko yote.

Damu sasa. Nyanya ya kopo msijaribu, mtu anaonekana kamwagikiwa na mchuzi. Mimi nikajifanya fundi: hapa kwetu choya imejaa, nikachemsha rosela na sukari kilo mbili hadi ikawa nzito, nyekundu ya kiza, nikaweka kakao kidogo. Niliipenda mno. Tukaenda Hombolo, kijiji chenye bwawa nje ya mji, saa kumi jioni, binamu akalala chini ya mbuyu kama maiti, nikammwagia lita nzima. Simu iko kwenye kigoda, inarekodi. Jason anatokea kushoto, Michael kulia, wanatazamana juu ya maiti. Nikawa nasema moyoni, hii ndiyo picha ya maisha yangu.

Maiti ikasema, "Kuna nyuki."

Nikamwambia nyamaza, umekufa. Akasema tena, safari hii akiwa amesimama. Mnajua nyuki wa kanda hii, na kilo mbili za sukari katikati ya kiangazi wakati hakuna ua porini! Jason alitupa panga akakata mbuga. Michael haoni vizuri kwenye matundu yale, akauvaa mbuyu kwa kifua, akaanguka, akaamka akakimbilia upande uleule wa Jason. Binamu ndiye aliyepata wanne: sikio moja, shingo mara tatu. Simu ikabaki inarekodi peke yake. Usiku nilipotazama, nikaona Jason anakimbia na Michael yuko nyuma yake kwa kasi ambayo Michael Myers hajawahi kuitumia tangu azaliwe. Kile kipande kimo kwenye filamu. Nilikipunguza mwendo, nikaweka ngoma, watu wanadhani wanafukuzana.

Baada ya hapo damu ikawa uji mwepesi wa ngano usio na sukari, rangi nyekundu ya chakula na kijiko cha kahawa. Hainuki, inafulika, inzi ndiyo hao hao wa kawaida.

Ila habari za damu zilikuwa zimeshafika kwa mwenyekiti wa kijiji kabla yetu. Hapa ndipo nilipokosea, kwenda kupiga picha kwanza na kuaga baadaye. Watu wanaoonekana porini wamevaa sura nyeupe, wamebeba panga na ndoo nyekundu, wewe ungewaitaje? Walishatuita mumiani. Tukakuta mzee kakaa na wenzake wanne na hawatabasamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nasikia mna damu. Ya nani?"

Nikaeleza. Nikaonesha simu. Nikaeleza Jason ni nani, mtoto aliyezama ziwani kwa uzembe wa waangalizi, mama yake akaua watu kulipiza, maana kwenye ile ya kwanza ya 1980 muuaji ni mama na si Jason. Mzee akafikiri muda mrefu. "Basi huyo kijana mnamsingizia," akasema. "Mwenye kesi ni mama." Akatupa kijana wa mgambo wa kuzunguka nasi, tukamlipa soda na nauli, na kesho yake kijana akaomba kufa. Kafa vizuri kuliko binamu.

Jason lazima atoke majini, hilo halina mjadala. Bwawa lipo, lakini hakuna aliyekubali kuzama, kila mtu kawa daktari wa kichocho. Nikapiga bwawa kwa mbali, maji tu na jua linazama. Halafu nyumbani, beseni kubwa la kufulia, maji na tope la uani na majani. Mdogo wangu akainama uso ukazama, simu nikailaza karibu kabisa na ukingo, akainuka polepole. Ukiviunga vipande viwili huwezi kuamini ni beseni. Ukitazama sana kona ya kulia utaona povu la sabuni. Usitazame sana.

Usiku hatukupiga usiku. Jua likishazama kuna robo saa hivi ambayo mbingu ina bluu. Unagusa skrini, unashusha mwanga, unaufungia usicheze, mtu anaonekana kivuli. Nyuma yake pikipiki ya shemeji imewashwa taa kupitia shuka jeupe. Wale wa 1978 walipiga majira ya machipuko, hadithi ikiwa ya mwezi wa kumi, wakalazimika kupaka majani rangi ya kukauka na kuyaokota wayatumie tena. Mwezi wa nane Dodoma majani makavu ni bure, na mbuyu uliopukutika hauhitaji mapambo.

Muziki ni zeze la mjomba. Nilimsikilizisha ule wa John Carpenter, mwongozaji wa Halloween, aliutunga mwenyewe kwa pigo tano tano, mjomba akasema ngoma hii ina mguu wa ziada, lakini akaukamata. Ile "ki ki ki, ma ma ma" ya Jason nilinong'ona kichwa kikiwa ndani ya simtanki tupu.

Gharama zote kwa pamoja zilitoka kama laki, ukiweka na dawa ya nyuki, bei ya mbuzi wa wastani. Dakika kumi na nne. Tuliionesha kwenye kibanda kilekile, na walicheka pale nilipotaka walie, kwenye mbio za nyuki. Ila Michael alipogeuka na kale katabasamu, mama mmoja aliyekuja kumfuata mwanawe alimshika mkono wakatoka.

Nani kashinda? Sisemi. Maski ya Jason iko shambani kwa shemeji, juu ya mti, inalinda mtama. Anasema ndege wameizoea ndani ya wiki. Ya Michael hakuna aliyekubali kukaa nayo ndani, iko stoo kwenye mfuko mweusi, na kila nikifungua naukuta uso umeelekea mlangoni.