Gleizi ikijua pa kukaa

Tukisikia vyombo vya Kichina wengi tunawaza buluu na nyeupe, majoka na maua, na ni vizuri kweli, ila mi moyo wangu uko nyuma zaidi, enzi za Song, 960 mpaka 1279, ambapo mafundi wengi waliachia gleizi, ule mpako unaoyeyuka motoni na kuganda kama kioo juu ya chombo, na umbo vifanye kazi vyenyewe. Picha hamna. Kuna bakuli linavyopanda kutoka kitakoni na rangi ilivyotulia juu yake, basi.

Leo nilipita tena British Museum, London, chumba namba 95 kwenye mkusanyiko wa Percival David, vyombo kama 1,700 hivi, na nikaishia kwenye vyombo vya aina ya Ru kama kawaida. Vilichomwa Henan kwa ajili ya ikulu, muda mfupi tu kuelekea mwisho wa Song ya Kaskazini, yaani nusu ya kwanza ya enzi hiyo, na vilivyobaki dunia nzima inakadiriwa havifiki 100. Gleizi imefunika mpaka chini ya kitako, maana chombo kilichomwa kikiwa kimesimama juu ya viguu vidogo vyenye ncha, na vialama vyake bado vinaonekana. Hiyo ni heshima, yaani hata upande ambao hakuna atakayeuangalia umemalizwa vizuri.

Halafu vyombo vya kijani vya Longquan, kusini mwa China, sasa! Kijani chake ni kile cha jani la mgomba ukiligeuza chini, penye unga unga. Na rangi yote hiyo inatokana na chuma kidogo sana kwenye gleizi, fundi anabana hewa tanurini, moto ukikosa oksijeni unaivuta kutoka kwenye kile chuma na kijani kinatokea, ila hewa ikizidi unapata unjano au kahawia. Gleizi walipaka tabaka juu ya tabaka, nzito, imejaa viputo vidogo vinavyotawanya mwanga ndo maana haing'ai kama kioo cha dirisha, na kinachonimaliza kabisa ni zile petali za yungiyungi zilizochongwa nje ya bakuli, kwenye mgongo wa petali gleizi inakuwa nyembamba na rangi inafifia, kwenye bonde inajikusanya na kukolea. Fundi alishika kisu akijua moto utampelekea rangi wapi. Kwangu mimi huo ndo ufundi wenyewe, umbo na gleizi huwezi kuvitenganisha.

Na hivi vitu si vigeni kwetu, vigae vya Longquan vimechimbuliwa Gede na Kilwa, na wazee wa pwani walipachika mabakuli ya Kichina kwenye kuta za makaburi na mihrabu. Nikifika tena Gede nataka niangalie vile vya kijani pale palipovunjika, maana hapo ndo unaona unene wa gleizi na udongo wa kijivu chini yake, kitu ambacho bakuli zima la London, lililofungiwa kioo, haliwezi kukuonyesha.