Siku moja maishani mwangu: kutoka sindano ya asubuhi hadi homa ya usiku

Saa 1:00 asubuhi

Mimi ni muuguzi ninayechanja watoto. Nafungua jokofu la chanjo kabla mama yeyote hajaketi kwenye benchi. Joto linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8. Watu wengi wanadhani adui wa chanjo ni joto peke yake, lakini chanjo ya pentavalenti, ile inayokinga magonjwa matano kwa sindano moja, na ile ya nimonia zikiganda zimekwisha, hata zikiyeyuka na kuonekana nzima. Nakagua pia alama ya kuonyesha joto kwenye vichupa, ule mraba ulio ndani ya duara. Mraba ukishafikia rangi ya duara, kichupa hicho hakitumiki.

Kisha nahakikisha adrenalini, dawa ya kutibu mzio mkali, ipo na haijaisha muda. Mzio mkali baada ya chanjo ni nadra sana, karibu mara moja katika dozi milioni moja, ila ukitokea unatokea ndani ya dakika chache na hautakupa nafasi ya kutafuta ufunguo wa kabati.

Saa 2:00 asubuhi

Benchi limejaa. Mazungumzo nayafanya sasa, kabla ya sindano, kwa sababu mama akishasikia mwanawe analia hasikii tena maneno yangu. Nawaambia usiku wa leo utakavyokuwa: mtoto anaweza kupata homa inayopita nyuzi 38, paja litavimba kidogo na kuwa jekundu, atalialia, atalala kuliko kawaida au atakataa kulala, na ziwa anaweza kulivuta mara mbili tatu na kuliacha. Mengi ya hayo huanza siku hiyohiyo na kwisha ndani ya siku moja au mbili. Homa hiyo ni mwili wa mtoto unajifunza kumtambua adui, na mtoto ambaye hatapata homa naye kinga inajengeka vilevile. Hili la pili nalirudia kila mara, maana kuna wazazi wanaoona mtoto ametulia wakaamini chanjo haikufanya kazi.

Saa 3:00 asubuhi

Tunaanza. Chanjo ya matone ya mdomoni kwanza, maana mtoto akishalia atayatema. Sindano zinafuata, kwenye upande wa nje wa paja, na zikiwa mbili paja moja naziachanisha kwa sentimita mbili na nusu hivi ili uvimbe ukitokea tujue umetokana na ipi.

Mtoto wa wiki 14 yuko kifuani kwa mama yake ananyonya. Sindano inaingia, anaachia ziwa, mdomo unabaki wazi bila sauti, kidevu kinatetemeka, uso unaiva, ndipo kilio kinatoka. Mama anamrudishia ziwa. Analikataa, analikataa tena, halafu analishika. Kabla sijamaliza kuandika kadi ameshanyamaza, amebaki na kwikwi tu. Ndiyo maana nawasihi wakina mama wanyonyeshe wakati wa sindano. Inapunguza maumivu kweli, na haigharimu kitu.

Bibi aliyeandamana nao ananyoosha mkono kukanda paja.

"Bibi, tusipakande. Tutamzidishia maumivu."

"Sasa mwanangu, niache pavimbe?"

"Pakivimba weka kitambaa safi kilicholowa maji baridi. Na ukigusa ukasikia kigumu ndani kama punje, usiogope, kinaweza kukaa wiki kadhaa kisha kikaondoka chenyewe."

Anatikisa kichwa kukubali, mkono wake ukiwa bado juu ya goti la mjukuu.

Saa 4:00 asubuhi

Waliochanjwa wanasubiri, dakika 15 hadi 30. Wapo wanaotaka kukimbia wakawahi shughuli zao, nami nawaomba kwa upole na siachi. Napita nikitazama midomo kama inavimba, ngozi kama inatoka vipele vya ghafla, pumzi kama inakwaruza, mtoto kama amelegea. Leo hakuna lolote.

Saa 5:00 asubuhi

Mama mmoja amekuja na hasira, na ana haki. Mtoto wake wa wiki sita ana kidonda kwenye bega, pale alipochomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, alipozaliwa, kinatoa usaha. Anaamini sindano ilikuwa chafu. Kumbe hakuna aliyemweleza! Chanjo hii inakwenda hivyohivyo: baada ya wiki mbili hivi au zaidi kinatokea kijipele, kinaweza kuwa kidonda kidogo chenye usaha, kinakauka polepole kwa wiki nyingi na kuacha kovu. Kisikamuliwe, kisipakwe dawa, kisifungwe plasta. Kioshwe kwa maji safi na kiachwe kipate hewa. Namwonyesha pia kwapa la mtoto: hapa pakitokea tezi kubwa au jipu, njoo mara moja. Anaondoka ametulia, lakini mimi moyo unaniuma kwa usiku wote aliokaa na hofu ambayo sentensi mbili zingeiondoa.

Saa 6:00 mchana

Baba mmoja ananiuliza kama ampe mtoto parasetamoli kabla ya sindano ili homa isije kabisa. Swali zuri. Mwaka 2009 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Jamhuri ya Cheki, ulioonyesha kwamba watoto waliopewa parasetamoli ya kuzuia homa walipata homa kidogo kweli, lakini na kinga yao kwa baadhi ya chanjo ilikuwa chini kuliko ya wenzao. Kwa hiyo kwa kawaida tunangoja. Homa ikija na mtoto akateseka, apewe kwa kipimo cha uzito wake. Ipo chanjo ya homa ya uti wa mgongo aina ya B ambayo huleta homa sana, na Uingereza wanashauri wazazi waanze parasetamoli mapema inapotolewa kwa wachanga. Ndiyo maana nasema kila mara: uliza kwanza. Aspirini usimpe mtoto kamwe.

Saa 8:00 mchana

Chanjo ya surua. Hii inawachanganya wazazi kwa sababu homa yake haiji usiku wa leo. Inakuja kati ya siku ya 5 na ya 12, wakati mwingine na vipele, wakati kila mtu ameshasahau sindano. Nahesabu siku na mama kwa vidole na kumwandikia tarehe kwenye kadi. Vipele hivyo haviambukizi watoto wengine nyumbani.

Saa 10:00 jioni

Kumbukumbu, boksi la sindano zilizotumika, jokofu tena.

Saa 2:00 usiku

Simu. Ni mama wa asubuhi, homa ni 38.3. Namuuliza: ananyonya? Ndiyo. Anakojoa? Ndiyo. Ukimshika anakutazama? Ndiyo. Basi mpunguzie nguo, mnyonyeshe mara kwa mara, kipimo cha dawa ni kile nilichokuandikia.

Simu ya pili ni ya baba, na nyuma yake nasikia kilio kikali, cha juu. "Sista, hajanyamaza tangu saa kumi na moja." Saa tatu nzima bila kubembelezeka ndipo mpaka wangu ulipo. Namuuliza haraka kama mtoto amelegea, amepauka, amepata degedege au anapumua kwa shida. Hapana, analia tu. Namwambia ampeleke hospitali hata hivyo, kwa sababu kilio cha namna hiyo huweza kuletwa na chanjo, ila huweza pia kuwa sikio, au tumbo, na kwa simu siwezi kujua.

Saa 4:30 usiku anapiga tena. Daktari amempima kichwa hadi miguu, hakuna kingine alichokiona, paja limevimba, mtoto amepewa dawa ya maumivu na amelala. Sasa ananiuliza kama dozi ijayo waiache. Hapana. Kilio kirefu si sababu ya kumnyima mtoto dozi inayofuata. Nitaliandika kwenye kadi yake ili yeyote atakayemchanja ajue, na nimemwomba siku hiyo aje na mama wa mtoto, ili mtoto aanze kunyonya kabla sijashika sindano.