Maboksi ya viatu yalivyonipa Kiingereza cha kati

Kila niliyemwomba ushauri wa kujifunza maneno ya Kiingereza hapa Mwanza alinijibu kwamba nichukue kamusi nimeze maneno kila siku. Ushauri huo unaniudhi mpaka leo. Unakariri kwamba "reluctant" ni mtu asiyetaka kufanya jambo, kesho limepotea, kwa sababu humjui mtu huyo.

Mimi nauza viatu Makoroboi, maboksi matupu sikosi. Nilikata kadi kwenye vifuniko, nikafuata mtindo ambao mwandishi Sebastian Leitner aliueleza mwaka 1972. Boksi la kwanza unalipitia kila siku, la pili baada ya siku kadhaa, la tatu kwa wiki. Ukilipata neno, kadi inasogea mbele. Ukilikosa, inarudi boksi la kwanza hata kama ilishafika mwisho. Muda wako mwingi unaenda kwenye maneno magumu. Kalamu na mipira ya kufungia kadi, hata elfu tano haifiki.

Ila ushindi wangu uko nyuma ya kadi. Pale niliandika ninachokiona kwa macho. "Reluctant" ni konda wa Igoma anayebana chenji mpaka umkabe mlangoni. "Gradually" ni kivuko kinavyoondoka Kamanga: huoni kikienda, mara kimeshakuwa kidogo kule ziwani. "Scarce" ni dagaa wa mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, mwezi ukiwa mpevu, maana wavuvi huwavuta kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu. "Abundant" ni dagaa haohao siku za giza. Kadi hizo mbili niliziandika nimesimama palepale mwaloni, bei inashuka nikiisikia, na sijawahi kuzichanganya tena.

Msidharau na mizizi ya Kilatini. "Port" ni kubeba. Ukishaijua hiyo, "export", "import", "transport" na "portable" zinakuja pamoja. Hapa kwetu penye viwanda vya minofu ya sangara, "export" hata kadi haihitaji.

Mwezi uliopita muuza jumla wa Kampala alinitumia ujumbe kwamba saizi za watoto ni "scarce", na yeye yuko "reluctant" kuachia mzigo kabla ya malipo. Zamani ningehangaika kutafuta wa kunisomea. Safari hii nilimjibu mwenyewe, kwa Kiingereza, nikambembeleza mpaka akakubali nilipe nusu kwanza. Mzigo ukapita mpakani Mutukula, na saizi za watoto zimo.