Safari ya Toruń iliyoishia jikoni kwetu

Begi la mwanangu lilikuwa tayari nyuma ya mlango tangu wiki ya kwanza ya Machi 2020. Soksi za sufu, koti la mvua, na boksi la marzipan, vitamutamu vya lozi, la kumpelekea mama wa Kipolandi ambaye angekaa kwake siku tano. Tunaishi Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, na skuli yake ilikuwa na udugu na skuli moja ya Toruń, Poland, kwa mradi wa Erasmus+, mpango wa elimu wa Umoja wa Ulaya: watoto watembeleane na wajifunze urithi wa Ulaya unaowaunganisha. Tarehe 15 Machi, kwa ajili ya korona, Poland ikafunga mipaka kwa wageni. Kesho yake skuli za huku nazo zikafungwa. Marzipan tukaila wenyewe.

Kwa asiyejua, miji yote miwili ilikuwa ya Hansa, ule umoja wa wafanyabiashara wa Bahari ya Baltiki. Chumvi, samaki mkavu wa Norwei, nafaka, nta na manyoya vilipita mikononi mwao kwa karne kadhaa, mpaka mkutano wao mkuu wa mwisho ulipofanyika hapahapa Lübeck mwaka 1669. Mimi mtoto wa Malindi, Unguja. Nikisikia habari za maghala na mabaharia wanaosubiri msimu, siioni Baltiki, naiona bandari yetu. Wao walingoja barafu iyeyuke, sisi tulingoja kaskazi.

Mwezi wa Mei walimu wakauhamishia mradi kwenye Zoom. Wakati huo nilikuwa zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, na nyumba za wazee mwaka ule mnajua zilivyokuwa. Narudi asubuhi, alama ya barakoa bado usoni, namkuta binti yangu kaweka laptopu juu ya debe la unga ili kamera imfike usoni, na jiko limejaa sauti za watoto wa watu. Badala ya kwenda kulala, nikawa nakaa pembeni na chai yangu, mahali kamera haifiki. Wangesafiri kwa basi ningeonyeshwa picha tu, basi.

Siku moja walilinganisha minara. Lübeck kuna Holstentor, lango la mji lenye minara miwili, lililojengwa kati ya 1464 na 1478 juu ya ardhi ya kinamasi, likazama upande na kulala kidogo. Watoto wa Toruń wakacheka, wakasema hata sisi tunao, unaitwa hivyohivyo, Mnara Uliopinda. Yote ya matofali mekundu, kwa sababu uwanda ule wa Baltiki hauna mawe mazuri ya kujengea ila udongo ni wa kumwaga. Kwetu tulikuwa na matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, tukajenga kwa hivyo. Sikusema kitu, nilikuwa kwenye nguo za kulalia.

Kisha ikaja kazi ya nyumbani: kila mmoja aonyeshe kitu kilichofika kwao kwa njia ya biashara. Mtoto mmoja wa Kipolandi alileta kipande cha kaharabu cha bibi yake, utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe, rangi ya asali, ndani kuna mdudu. Binti yangu aliniuliza, “Mama, mimi nionyeshe nini?” Nikamwambia achukue kete moja kwenye bao la babu yake.

Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Maana nilikuwa nimeshasoma kwamba mwaka 1859 miji ya Lübeck, Bremen na Hamburg ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani Majid wa Zanzibar. Kabla ya hapo, mwaka 1849, kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilishafungua duka la kwanza la Wajerumani mjini Unguja. Walinunua nini? Simbi, yale makombe madogo ya baharini, ndugu za hizi kete. Walizipakia melini wakazipeleka Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha. Binti yangu akayasema yote hayo kwa Kijerumani, kisha akaisogeza kete kwenye kamera mpaka ikajaza kioo kizima, kama meno yanayocheka.

Mwalimu alikuwa na ramani ya mtandaoni ya kuchomeka alama za kila kitu. Ramani yenyewe ilikomea Bahari ya Kati. Akaivuta chini, haikutosha, akaipunguza, akaipunguza tena, mpaka Unguja ikaonekana, na Baltiki ikabaki dimbwi dogo juu kabisa. “Haya,” akasema, “sasa imeenea.” Nilimpenda mwalimu yule kwa neno hilo.

Desemba kikaja kifurushi kutoka Toruń. Watoto walikuwa wameoka pierniki, biskuti ngumu za asali na viungo ambazo mji huo unajulikana kwazo tangu zama za Hansa, na karatasi ya mapishi iliyoandikwa kwa mkono. Nilipokata gundi, harufu ikanipiga: karafuu, mdalasini, tangawizi. Najua, karafuu za zama zile zilitoka visiwa vya Maluku. Kwetu mikarafuu ilipandwa mwanzoni mwa karne ya 19, ikatunzwa kwa jasho la watumwa. Lakini pua haisomi historia. Nilikaa chini nikalia kidogo.

Jioni tukampigia bibi yake Unguja, bando likiruhusu. Binti yangu akamwonyesha biskuti, akamweleza Poland iko wapi, na kwamba safari haikuwezekana, na kwamba zamani hizo ndizo walizokula watu wa Hansa. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaisogeza simu usoni tukawa tunaona jicho moja tu.

“Ngumu?”

“Ngumu, bibi. Mpaka uichovye kwenye chai.”

“Na hiyo karafuu waliyotia, ya Pemba au ya wapi?”

Tukaitazama ile karatasi ya mapishi, mbele na nyuma.