Wafalme watatu, blanketi moja

Mathayo hakupoteza maneno: mamajusi, wale ambao mapokeo yanawaita wafalme watatu, walionywa katika ndoto wasimrudie Herode, wakaenda zao kwa njia nyingine. Basi. Mtu aliyechonga vichwa vya nguzo, yaani mawe yanayokaa juu ya nguzo, vya Kanisa la Mtakatifu Lazaro, mjini Autun, Ufaransa, karibu mwaka 1130, aliuona mstari huo unatosha kujaza jiwe zima.

Amewalaza watatu kitanda kimoja, chini ya blanketi moja kubwa lenye mikunjo ya duara, na mataji yao kichwani. Nani analala na taji? Lakini bila hayo usingejua hao ni wafalme, na jiwe halina nafasi ya maelezo. Kitanda tunakitazama kwa juu, vichwa tunaviona kwa ubavuni. Kipimo cha macho kinagoma, ila habari inasomeka. Wawili wamelala fofofo. Malaika amemgusa wa tatu kidole kwa ncha ya kidole chake, basi, na mkono wa pili unaionyesha nyota. Huyo aliyeguswa macho yako wazi.

Mimi nachonga mbao, na hapo kwenye kidole ndipo ninapomvulia kofia. Angeweza kumfanya malaika apige kelele au amtikise mtu bega. Kuchonga kidole chembamba bila kukivunja ni kazi ya roho mkononi, naye akaamua ujumbe wote wa mbinguni upitie hapo.

Kwenye kichwa kingine cha nguzo Yuda amejinyonga, ulimi nje, mashetani wawili wakivuta kamba kwa furaha. Nakubali ustadi wake, lakini sikai nacho sana.

Juu ya mlango mkuu iko Siku ya Hukumu, na chini ya miguu ya Kristo pameandikwa kwa Kilatini kwamba Gislebertus ndiye aliyeifanya. Wapo wataalamu wanaosema hilo ni jina la aliyegharamia, si la fundi. Kati ya wafufuka kuna mtu ambaye mikono miwili mikubwa, isiyo na mwenyewe, imemkaba kichwa. Mwaka 1766 makanoni, mapadri wa kanisa hilo, waliona picha hii ya Hukumu ni ya kishamba, wakaifunika kwa plasta. Kichwa cha Kristo kilikuwa kinatokeza, wakakikata. Dharau hiyo ndiyo iliyoikinga Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja kuvunjavunja. Plasta ilibanduliwa mwaka 1837, na kichwa kikarudishwa mahali pake mwaka 1948.

Vichwa kadhaa vya nguzo, wakiwemo wafalme wetu, vilishushwa wakati wa ukarabati wa karne ya 19, nakala zikawekwa juu. Vya asili viko katika ukumbi wa makanoni, usawa wa macho. Nenda huko kwanza, usianze na mlango. Waumini wa zama zile walilazimika kukunja shingo kuyatazama haya; wewe unaweza kusimama mkabala na kile kidole na kuhesabu mikunjo ya blanketi.