Picha Iliyowekwa Chini ya Faili

Mwaka 2019 nilikuwa kidato cha tatu, Tanga, na siku zangu zilikuwa zinakuja zinapojisikia. Ingeweza kupita miezi minne kimya, kisha nivuje wiki nzima. Mama alikuwa akinipima mimba kwa mkojo, na kila kipimo kikisema hamna, badala ya kutulia alizidi kunitupia jicho la wasiwasi.

Tukaenda zahanati moja kupiga utrasaundi. Nilinyweshwa maji mpaka nikashindwa kukaa. Aliyenipiga picha akamwambia mama, si mimi: "Mayai yake yamejaa vivimbe. Huyu kuzaa itakuwa kazi." Jioni hiyohiyo shangazi akashauri niozwe mapema, kana kwamba vivimbe vinaogopa mahari.

Daktari wa hospitali kubwa, mwanamke, aliitazama ile picha kidogo akaiweka chini ya faili. "Mama, tupishe kidogo." Sikuwahi kuona mtu akimtoa mama nje. Akaniuliza nilivunja ungo lini, nikasema nikiwa na miaka 12. Akaniinua kidevu kuelekea dirishani.

"Unanyoa?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nanyoa bafuni, kwa wembe wa kaka. Akapitisha kidole kwenye vipele vya wembe, kisha akahamia kisogoni, kwenye ule weusi mnene ambao mama alikuwa akiusugua kwa dodoki akidhani ni nongo.

"Huu si uchafu. Msisugue tena. Ni dalili kwamba insulini yako, homoni inayoshughulikia sukari mwilini, haifanyi kazi vizuri."

Mama alipoitwa ndani, daktari alimweleza kwamba picha ile haimsaidii. Wasichana wengi wa umri wangu wana ovari zenye vifuko vingi na hawaumwi chochote, kwa hiyo utrasaundi haitumiki kuamua mpaka ipite miaka minane tangu kuvunja ungo. Alichokuwa anatafuta ni mambo mawili yakutane: mzunguko uliovurugika na homoni za kiume kuzidi. Mwaka wa kwanza hedhi kuyumba si ajabu, ila mimi nilikuwa nimeshavuka mitatu, na bado nilikuwa napitisha siku 90 bila kuona kitu. Hata hivyo hakutaka kutaja ugonjwa kabla ya vipimo vya damu, kwani matatizo ya tezi ya shingo, prolaktini (homoni ya maziwa) iliyopanda, au tezi za juu ya figo yanaweza kuleta dalili hizohizo.

Hayo yote yalirudi safi. Testosteroni, homoni ya kiume, ndiyo ilikuwa juu.

"Ni PCOS, mvurugiko wa homoni unaoyumbisha hedhi," akasema. "Na kuzaa, wengi wanazaa. Wengine husaidiwa na dawa." Mama akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Halafu daktari akaandika vidonge vya uzazi wa mpango, vya kurekebisha mzunguko, na machozi ya mama yakakauka palepale.

Kwenye dirisha la dawa, mfamasia aliitazama karatasi, akaitazama sare yangu ya shule, akamtazama mama. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu. Mama, yuleyule wa vipimo vya mkojo, akapaza sauti:

"Ni dawa ya homoni hiyo! Kaandika daktari mwenyewe!"